Kabla Pua Haijazoea: Kazi ya Hewa Busia na Malaba

Siku ya kwanza kupelekwa kwenye kazi ya hewa nilikatazwa kula kitunguu. Nilikatazwa pia kujipaka mafuta yenye manukato, kuvuta sigara, ambazo sijawahi kuvuta, na kuvaa shati lililofuliwa kwa ile sabuni ya unga inayonukia mpaka nje ya geti. Masharti hayo yalikuja kwa ujumbe wa simu, na mwisho wake palikuwa na jina moja tu: Nabwire. Nilimwuliza mke wangu kama anamfahamu. Akasema, "Aliwahi kuwa nesi wangu. Vua hilo shati."

Wakati huo nilikuwa nimeshakula chumvi ya kutosha katika ofisi ya afya ya umma hapa Busia. Nilikuwa nimekagua machinjio, vyoo vya soko, mahindi yaliyoota ukungu, na samaki waliofika kutoka Port Victoria wakiwa wamechoka kuliko dereva aliyewaleta. Kazi hizo zina raha moja: ubaya unaonekana. Nyama mbaya unaiona kwa macho, na choo kibaya hakihitaji kuhojiwa. Sasa nilikuwa nimehamishiwa kitengo kidogo kilichoanzishwa kwa msaada wa mradi wa chuo, ambacho kazi yake ilikuwa kuingia ndani ya majengo na kuwauliza watu wanaionaje hewa wanayoivuta. Wenzangu wa machinjio walinicheka. Walisema nimepandishwa cheo na kuwa mkaguzi wa upepo.

Nimestaafu mwaka huu, na ninyi vijana mnaobaki mmeniomba niwaambie tulivyofanya. Ya vyeo na mishahara mtayapata kwenye mafaili. Mimi nitawaambia habari za Nabwire, kwa sababu kila kitu ninachokijua katika kazi hii kilipitia kwake kwanza.

Alikuwa mwanamke mrefu wa kutoka Funyula, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimisha unyamaze ndipo uisikie. Sote tulimwita Madam. Tulikutana nje ya zahanati moja upande wa Mundika, asubuhi ya siku ya kliniki ya watoto. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alifungua mlango, akanisukuma kidogo begani, akasema, "Haraka, kabla pua haijazoea. Hewa ikoje?"

Niliangalia madirisha. Niliangalia dari. Niliangalia akina mama waliojaa kwenye benchi na watoto wao mapajani. "Iko sawa tu, Madam."

"Toka nje."

Nikatoka. Alinisimamisha kwenye nyasi mpaka nikaanza kujiuliza kama amenisahau, kisha akanirudisha mlangoni. "Safari hii usiangalie kitu. Sikukuuliza dirisha liko wapi. Ingia, vuta pumzi, niambie."

Nikafumba macho, nikaingia. Kulikuwa na jiki ya kuoshea sakafu, na nepi, na koti la mvua ambalo halijakauka. Chini ya hayo yote kulikuwa na kitu cha vuguvugu kisicho na jina. "Ni kama ndani ya blanketi ambalo mtu amelalia mchana kutwa," nikasema.

"Ungekubali kukaa humu?"

"Kidogo tu, si sana."

"Basi," akasema, "sasa tumeanza kazi."

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliketi kwenye benchi katikati ya wale akina mama, akampakata mtoto wa mmoja wao, akakaa. Mimi nikakaa kando yake. Baada ya muda akaniuliza tena hewa ikoje, na nilipovuta pumzi lile blanketi halikuwepo tena. Hewa ilikuwa ileile. Pua yangu ndiyo iliyokuwa imeacha kazi. Ila nilikuwa na usingizi, na macho yananiwasha.

"Anayeingia ni shahidi wa kwanza," Madam akaniambia tukirudi. "Aliyekaa ni shahidi wa pili. Wa kwanza anakuambia kwa pua, wa pili anakuambia kwa mwili. Ukimsikiliza mmoja ukamwacha mwenzake, umefanya nusu ya kazi."

Adui mkubwa wa kazi hii si moshi wala ukungu. Ni maneno mawili: sawa tu. Sisi watu wa mpakani tumelelewa kwa heshima, na mgeni mwenye beji akikuuliza nyumba yako ikoje, utamwambia ni sawa tu hata kama ukuta umekuangukia. Mfanyakazi anaogopa bosi wake. Mama anaogopa zahanati isije ikafungwa akalazimika kwenda mbali. Mwalimu anaogopa kuonekana mlalamishi. Madam hakuwalaumu hata mmoja. Aliacha kuuliza "hewa ikoje", akauliza kwa njia nyingine. Kwa mama aliuliza, "Mtoto wako angekuwa na homa, ungemlaza kwenye kona ipi ya chumba hiki?" Mama angeonyesha kona moja bila kufikiri, na Madam angekwenda kusimama kwenye kona zilizobaki kuona zina nini. Kwa karani aliuliza, "Ukitaka kupumzika kidogo, unaenda kusimama wapi?" Kila jengo lina mahali ambapo watu huenda kusimama bila kuambiana. Tafuteni mahali hapo, mtajua mengi.

Kisha kulikuwa na suala la maneno. Maswali ya mradi yalikuja yameandikwa na watu wa mbali, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula: "Je, unahisi ubora wa hewa unaridhisha?" Mzee mmoja wa Amukura alituuliza kama tunauza hewa. Madam aliketi na watu sokoni, vituoni na nje ya makanisa, akasikiliza wanavyosema wenyewe. Wengine walisema hewa imeshikana. Wengine, nyumba haipumui. Mtoto wa shule huko Mundika, wa darasa ambalo madirisha yake yalikuwa yamezibwa kwa mabati kwa ajili ya mvua na wezi, alisema hewa imelala. Mwalimu wake alikuwa na hakika kwamba watoto ndio wanaolala, tena kwa sababu ya ugali wa mchana. Madam alimwomba mwalimu aende nje apunge upepo na kurudi, kisha amwambie nani amelala. Mwalimu akaingia, akasimama, akakuna kidevu. Wiki iliyofuata yale mabati yaliondolewa, pakawekwa wavu wa chuma, na ugali ukaondolewa lawama.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na kimita cheupe kilichopima kiasi cha pumzi za watu zilizorundikana chumbani. Wakubwa walikipenda kwa sababu kinatoa namba, na namba haibishani na mtu. Kulikuwa na kipimajoto, uzi mwembamba wa kufunga dirishani kuona upepo unaelekea wapi, na vijiti vya udi ambavyo Madam alivinunua mwenyewe. Ukiwasha kijiti na kukishika karibu na ufa, moshi utakuonyesha kama hewa inatoka au inaingia. Na tulikuwa na kadi yenye mstari mmoja, mwisho mmoja umeandikwa "siwezi kukubali" na mwingine "nakubali kabisa". Mtu anaweka kidole. Wasiojua kusoma walikuwa wepesi zaidi, kwa sababu hawakupoteza muda kutafuta jibu sahihi.

Mashahidi wa kwanza, wale wa kuingia, hawakuwa rahisi kupatikana. Ndani ya jengo kila mtu ameshazoea. Ni Madam aliyewaona madereva. Foleni ya malori Malaba ikikwama, barabara nzima hujaa watu waliokaa chini ya trela wakisubiri karatasi zao. "Dereva wa masafa marefu ana sifa mbili," alisema. "Ana muda, na hamjui mwenye nyumba." Tuliwaomba waingie majengoni kwa zamu, wavute pumzi mlangoni, waweke kidole kwenye kadi, watoke. Shida ilikuwa dizeli. Aliwaosha mikono kwa maji matupu na kuwatembeza upande wa mashamba kwanza, kwa upole wa mtu anayepeleka ng'ombe josho. Waliona ni mchezo mwanzoni, halafu wakaanza kushindana. Mmoja wao, Kazungu, dereva wa kutoka pwani mwenye tumbo na maneno, alikuwa akitutafuta kila alipofika. "Madam, leo unanipeleka kunusa wapi? Nimekuletea pua mpya kutoka Mombasa."

Kisha ikaja corona.

Madam aliugua. Alilazwa, akapata nafuu, akarudi kazini amekonda. Asubuhi aliyorudi alituita, akafungua chupa ya jiki, akaiweka chini ya pua yake na kuvuta pumzi ndefu bila kupepesa macho. Sisi kwa mbali tulikuwa tunajikinga. "Mnaona," akasema. "Hakuna kitu. Daktari anasema pua itarudi au haitarudi. Nimewaambia ili msije mkanitegemea pale nisipoweza."

Haikurudi. Miezi ilipita, na wengine walioipoteza walirudishiwa, yeye hakurudishiwa. Ofisini watu walizungumza kwa huruma, ambayo wakati mwingine ni njia ya adabu ya kumfukuza mtu. Mkubwa mmoja alimwita, akapendekeza ahamie chumba cha kumbukumbu amalizie miaka yake kwa utulivu. Nilikuwepo, kwa hiyo jibu lake nililisikia kwa masikio yangu.

"Nashukuru, mkubwa. Lakini kwani niliajiriwa niwe mbwa? Kazi yangu ni kuuliza watu. Kinywa bado ninacho, na masikio pia."

Akatoka, akachukua kadi zake, tukaenda Malaba.

Sasa niwaelezeni habari ya lile jengo, kwa sababu ndiyo kesi mnayoisikia kwa vipande vipande kila mtu akiisimulia kwa jinsi yake.

Lilikuwa jengo la ghorofa moja la kampuni ndogo ya mawakala wa kutoa mizigo forodhani. Juu kulikuwa na chumba kirefu cha makarani, chini kulikuwa na mapokezi, na nyuma stoo. Mwenyewe aliitwa Makokha, mtu mchapakazi aliyeanza kwa kukimbiza karatasi za watu kwa miguu. Alituita mwenyewe. Makarani wake walikuwa wanalalamika harufu, alisema, na yeye alikuwa ametumia nguvu nyingi kuiondoa: alipaka rangi upya, akafungua mtaro, akaweka ile dawa ya kupuliza inayonukia maua. Malalamiko hayakuisha.

Nilipoingia, shahidi wa kwanza, nilipata rangi mbichi, maua ya kopo, na moshi wa malori kwa mbali. Tuliwaleta madereva, Kazungu akiwa mbele. Wote walisema rangi. Kazungu alisema rangi na maua vimeoana na ndoa haina amani. Niliweka kimita katikati ya chumba. Namba zilikuwa nzuri, afadhali kuliko za ofisi yetu wenyewe. Madirisha yalikuwa makubwa, ingawa yalifungwa kwa sababu ya vumbi la barabara. Kila kitu kilielekeza kwenye jibu moja: rangi ikauke, madirisha yafunguliwe, twende zetu.

Madam hakusikia rangi wala maua. Kwake chumba kile hakikuwa na harufu yoyote. Alivuta kiti, akakaa karibu na karani mmoja aliyeitwa Achieng, binti mwenye mimba kubwa, ambaye meza yake ilikuwa kwenye kona ya nyuma.

"Dada, sitaki kujua harufu," akamwambia. "Niambie wewe mwenyewe. Unaamka aje?"

"Naamka poa, Madam."

"Ukifika hapa?"

"Poa tu. Saa zingine ndio kichwa inauma. Inagonga hapa mbele. Najua ni mimba."

"Jumapili inauma?"

Achieng akafikiri. "Jumapili hapana."

"Jana iliuma?"

"Jana hapana. Ni juzi. Juzi nilitapika hata. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi."

Karani wa meza ya jirani akageuka. "Hata mimi juzi kichwa ilikuwa mbaya. Nilidhani ni njaa."

Madam akamgeukia Achieng tena. "Na harufu, ilikuwa kali juzi?"

"Harufu iko siku zote," Achieng akasema. "Hiyo tumezoea. Kichwa ndio ni ya stima ikienda."

Niliona Madam akiinua macho. Wengi wetu tungeandika harufu na maumivu ya kichwa mahali pamoja, kama ndugu waliozaliwa nyumba moja. Yeye alisikia kwamba havikuja pamoja. Kimoja kilikuwa cha kila siku, kingine cha siku za giza.

"Stima ikienda, mnafanya nini?" akauliza.

"Jenereta," wakajibu pamoja.

Tulishuka. Jenereta ilikuwa stoo, chini kabisa ya meza ya Achieng. Ilikuwa imehamishiwa ndani baada ya mtu kujaribu kuiiba uani. Bomba lake la moshi lilikuwa limetolewa nje kupitia ukutani, kazi nzuri kwa kuangalia, lakini nyuma ya mashine, mahali ambapo mtu hafiki bila kulala kifudifudi, kiungo kilikuwa kimeachana. Madam alipanda tena juu, akawasha kijiti cha udi, akapiga magoti kwenye ile kona. Kulikuwa na tundu la nyaya sakafuni. Moshi wa udi ulitetemeka, kisha ukasukumwa juu. Hewa ya stoo ilikuwa inapanda kuingia chumbani.

Mnajua gesi ninayoisema. Hutoka kwenye injini na kwenye jiko la makaa, haina rangi, haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Kimita chetu hakikupima hiyo. Nilimwonyesha Madam zile namba nzuri, nikiwa nimechanganyikiwa. Akasema, "Mtu na mashine wakitofautiana, kwanza iulize mashine inapima nini."

Alimwendea Makokha mapokezi, akamwambia chumba cha juu kisitumike mpaka jenereta itolewe stoo na kipimo sahihi kiletwe.

Makokha hakuwa mtu mbaya. Lakini nje foleni ilikuwa imefika mbali, simu zake mbili zilikuwa zinalia kwa zamu, na kulikuwa na mizigo ya kuharibika njiani. "Madam, hebu nielewe. Kipimo chako kimesema hewa ni nzuri. Madereva wako wamesema ni rangi. Sasa nifunge ofisi kwa sababu msichana mjamzito ameumwa kichwa?"

"Ndiyo."

"Stima iko. Jenereta imezimwa. Wacha wamalize leo, kesho tutaona."

Na hapo, nawaambia kama ilivyokuwa, stima ikapotea. Malaba hilo si muujiza, ni ratiba. Feni ya mapokezi ikazunguka taratibu na kusimama. Kijana wa stoo, kwa mazoea, akavuta kamba, na chini yetu jenereta ikanguruma.

Madam hakupiga kelele. Alipanda ngazi kwa kasi ambayo sikujua anayo, na nikamfuata. Alimshika Achieng mkono. "Simama, dada. Acha hiyo karatasi. Nyote, simameni, tushuke." Makarani wakaangaliana, wakamwangalia bosi wao aliyekuwa amefika mlangoni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Achieng alisimama, akayumba, akashika meza.

"Madam, mimi niko ndani ya chumba hiki sasa hivi," Makokha akasema. "Mimi sisikii kitu chochote."

"Hata mimi sisikii, boss," Madam akamjibu kwa ile sauti yake ya chini. "Tangu niugue sisikii hata jiki. Sisi wawili hatusikii. Ndiyo maana tunamwuliza yeye."

Makokha alimtazama Achieng. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza siku ile kumtazama yeye badala ya kazi iliyokuwa mezani kwake. Midomo ya binti ilikuwa mikavu, na alikuwa ameshika paji la uso kama mtu anayejikinga na jua. Makokha akageuka, akateremka, na tukasikia akimwambia kijana wa stoo azime mashine. Kisha akarudi akawashikia mlango makarani wake wakipita mmoja mmoja.

Tulimpeleka Achieng hospitali kwa gari la Makokha mwenyewe, yeye akiendesha. Alipewa oksijeni. Daktari alimwambia Madam kwamba mwenye mimba ndiye anayetangulia kuumia kwa gesi ile, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi yake. Madam alikaa na Achieng mpaka mama yake alipofika.

Lakini kitu ambacho nimekibeba moyoni ni tulichokikuta tuliporudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, maana tulikuwa tumesimamisha kazi katikati ya foleni. Tukakuta Kazungu na wenzake wamesogeza malori mawili sambamba uani, wamefunga turubai kati yake, na chini ya kivuli kile makarani wameketi na meza zao, wanapiga mihuri na kuita majina. Kazungu alikuwa anagawa mawe ya kuzuia karatasi zisipeperuke. Upepo wa kutoka upande wa Uganda ulikuwa unapita humo ndani kama maji.

"Madam," akaita, "leta kadi yako. Hapa naweka kidole mwisho kabisa."

Kipimo cha gesi ile kilikuja kutoka Kisumu baadaye. Tulikiacha chumbani peke yake, tukafunga mlango, jenereta ikawashwa, na sisi tukangoja uani. Hatukukaa sana kabla hakijaanza kulia. Makokha alisimama akisikiliza ile sauti kupitia dirishani, mkono mdomoni. Kisha akasema, bila kumlenga mtu, "Watoto wa watu." Jenereta ilijengewa kibanda mwisho wa uwanja, chenye kufuli na hewa. Tundu la nyaya likazibwa. Baada ya hapo, kila alipopanga chumba kipya, alimpigia Madam simu kabla ya kumpigia fundi, na wamiliki wengine pale Malaba wakaanza kutuita wenyewe tukague stoo zao. Katika maisha yangu ya ukaguzi nilikuwa sijawahi kuitwa. Nilikuwa nimezoea kuonekana kwa mbali na duka kufungwa.

Achieng alijifungua mtoto wa kike, mdogo kwa kilo lakini mwenye sauti. Tulikwenda kumwona tukiwa na sabuni isiyo na harufu, kwa sababu hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo.

Madam alistaafu kabla yangu. Alikataa sherehe kubwa, akakubali chai. Mimi nikarithi kadi na udi, nikiwa na masikio mazito kuliko yake. Nimefanya kazi kwa njia yake kadiri nilivyoweza, katika shule, hosteli, benki, na vyumba vya kusubiria ambavyo hakuna anayevijali kwa sababu watu hupita tu. Ninyi mna vipimo bora kuliko vyetu, vidogo kama kiberiti, vinavyotuma namba moja kwa moja kwenye simu. Vitumieni. Lakini kila mara kabla hujafungua simu, vuta kiti ukae na mtu aliyekaa pale siku nzima, umwulize anaamka aje.

Mwezi uliopita, nikiwa nimeshakabidhi beji, nilikwenda kumsalimu Madam kwake, ng'ambo ya Nangina. Nilitegemea kumkuta kwenye kiti cha mapumziko. Nilimkuta anafunga kiatu.

"Umekuja wakati mzuri," akasema. "Umekula kitunguu?"

Nikamwambia sijala.

Tukiwa njiani akanieleza. Alikuwa amekaa nyumbani majuma machache tu, akamsikia mke wa mwanawe akikohoa jikoni. Jiko la kuni, ukuta mpaka juu, tundu moja la ukubwa wa ngumi. Akamvutia mke wa mwanawe kiti, akamwuliza siku yake inavyokwenda. Kisha akamwuliza jirani. Sasa alikuwa anakwenda nyumba kwa nyumba, hakuna aliyemtuma, hakuna ripoti, na nyuma yake alikuwa anaacha majiko yaliyotobolewa madirisha na mabati yaliyoinuliwa kwa matofali ili moshi upate njia. Akina mama walikuwa wameanza kuitana. Fundi wa kijiji alikuwa amechoka kusikia jina lake likiitwa.

"Kifua cha mtu nakisikia," akasema. "Macho mekundu nayaona. Ila kuna nyumba nyingine nashuku wanachoma plastiki kuwasha moto, na wakijua nakuja wanaficha. Hiyo siwezi kuijua peke yangu."

Tulifika kwenye boma moja lenye kuku wengi. Mama mwenye nyumba alitoka akifuta mikono kwenye kanga, akamkumbatia Madam, akaniangalia mimi, mzee mgeni aliyevaa shati lisilonukia chochote.

"Huyu ni Emojong," Madam akamwambia. "Mimi nitakuuliza, kama kawaida. Yeye leo ndiye pua yangu."

Mama yule akacheka, akatufungulia mlango wa jikoni. Nikainamisha kichwa chini ya bati, nikaingia, nikavuta pumzi.